Kwa Nini Injini Njema Hukawia Kukubaliwa

Katika mwaka 1893 Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi, walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ilipita Muheza, Korogwe na Mombo, na mwisho ikafika Moshi. Mwaka huo huo, huko Ujerumani, fundi aitwaye Rudolf Diesel alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wa injini yake mpya. Mtu angedhani kuwa injini ile ingekuja upesi kuvuta magari ya reli ile. Haikuwa hivyo. Hata baada ya miaka 60 magari ya Tanga yalikuwa bado yakivutwa kwa nguvu za mvuke.

Sababu haikuwa ubaya wa injini. Ilipopimwa mwaka 1897, katika kila sehemu 100 za joto la mafuta, sehemu 26 ziligeuka kuwa kazi. Injini za mvuke zilizovuta magari ya reli hazikufikia hata nusu yake. Basi ilizuiwa na nini?

Kwanza, ilikuwa nzito mno. Tena ilihitaji mtambo mwingine wa kushindilia hewa, ili hewa hiyo iyasukume mafuta ndani. Kwa hiyo ilifaa viwandani na melini, wala haikufaa motokaa. Kilichokosekana kilikuwa kitu kidogo, yaani pampu nyepesi ya kusukuma mafuta kwa kipimo. Kiwanda cha Robert Bosch kilianza kutengeneza pampu hizo kwa wingi mwaka 1927, na mwaka 1936 motokaa ya Mercedes-Benz yenye injini ya dizeli ikaonyeshwa Berlin. Diesel mwenyewe hakuyaona hayo. Alipotea baharini mwaka 1913, akiwa na madeni mengi. Leo kila dereva wa lori hulitaja jina lake anunuapo mafuta.

Pili, kitu kipya hukuta kitu cha kale kimekwisha kaa mahali pake. Reli ya mvuke ilikuwa na matangi ya maji njiani, karakana zake, na mafundi waliojua tabia za mtambo wao. Kubadili injini ni kuyabadili yote hayo. Ndivyo ilivyo pia kwa watengenezaji wa motokaa. Mashine za kutengenezea injini moja hugharimu fedha nyingi sana, na mwenye kiwanda hataki kuzitupa kabla hazijamrudishia gharama zake.

Tatu, kushinda katika majaribio siko kushinda njiani. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto hupanda karibu mita 1000 mlimani. Injini iwezayo kubana mafuta katika tambarare, lakini ikachemka mlimani pale, haimfai mwenye basi. Naye atauliza: Je, itadumu miaka mingapi katika vumbi na joto? Ikiharibika Pangani, ni nani ajuaye kuitengeneza, na vipuri vitatoka wapi? Mtengenezaji huyajua maswali hayo. Akiuza magari maelfu yenye kasoro moja, itampasa kuyarudisha yote na kuyatengeneza kwa fedha zake.

Nne, bei ya mafuta hupanda na kushuka. Mafuta yakiwa rahisi, wanunuzi hawaulizi habari za kubana matumizi. Yalipopanda sana mwaka 1973, watu wengi walianza kutafuta motokaa zitumiazo mafuta kidogo. Lakini injini mpya haitengenezwi kwa siku moja.

Tena, si kila asemaye amevumbua injini bora husema kweli. Dawa yake ni kupima: njia ile ile, mzigo ule ule, mafuta kiasi kile kile.

Basi mvumbuzi asikate tamaa, wala mtengenezaji asilaumiwe bure. Injini njema huhitaji pampu yake, fundi wake, vipuri vyake na mnunuzi wake. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.