MAUMIVU YA VIUNGO SI UGONJWA MMOJA
Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Nyumbani kwetu kuna wagonjwa wawili wa viungo: nyanya na mama. Kwa muda wa karibu mwaka mzima wote wawili walikuwa wakimeza vidonge kutoka pakiti moja ya dukani. Nyanya akilalamika magoti, anapewa viwili. Mama akilalamika vidole, naye viwili. Sisi sote tuliamini kwamba hiyo ni baridi tu, na baridi ni moja. Kumbe tulikuwa tukijidanganya! Kosa hilo limemgharimu mama vidole viwili, ambavyo sasa havinyooki. Ndiyo maana nimeshika kalamu ili nawe ujue mapema.

Kwanza, athraitisi ni nini? Ni jina la jumla la magonjwa yanayovimbisha au kuharibu viungo, yaani pale mifupa inapokutana. Aina zake ni zaidi ya 100. Daktari huzitenganisha kwa kumuuliza mgonjwa maswali, kumshika viungo, kumpima damu na kutazama picha ya eksirei.

Miale ya eksirei iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen mwaka wa 1895. Miale hii hupenya nyama kwa urahisi lakini huzuiwa na mfupa, kwa hivyo mfupa hutokea mweupe pichani. Daktari alipotuonyesha picha ya goti la nyanya, mimi nikauliza, "Daktari, mbona kati ya mifupa pana nafasi tupu?" Akacheka, akanijibu kwamba nafasi ile si tupu hata kidogo. Imejaa gegedu, ile nyama laini nyeupe unayoiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Gegedu haionekani kwenye eksirei. Basi nafasi ikipungua, jua kwamba gegedu imelika. Ukishalielewa jambo hili moja, yanayofuata si magumu.

Hebu sasa tuanze na ugonjwa wa nyanya, unaoitwa osteoathraitisi. Huu ni ugonjwa wa gegedu kulika polepole kwa miaka mingi. Huwapata sana wazee, watu wanene na waliowahi kuumia kiungo. Hupenda magoti, nyonga, kitako cha kidole gumba na vifundo vya mwisho vya vidole, karibu na kucha. Maumivu huzidi mtu akitembea au akipanda ngazi, na hupungua akipumzika. Asubuhi kiungo hukakamaa, lakini kwa dakika chache tu, kwa kawaida chini ya 30. Ukikishika, uvimbe wake ni mgumu kama mfupa. Pichani, nafasi ya goti hupungua upande mmoja kuliko mwingine, mara nyingi upande wa ndani. Mfupa ulio chini ya gegedu huwa mweupe kupita kiasi, na kwenye kingo huota vijimwiba vya mfupa. Picha ya nyanya ilikuwa na mambo hayo yote.

Mama alikuwa na kisa kingine kabisa. Yeye ni fundi wa cherehani. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa, nilikuwa nikimwona kila asubuhi akishindwa kushika mkasi mpaka jua lipande. Vidole vyake vilivimba mikono yote miwili, sawa kwa sawa, tena uvimbe wenyewe ulikuwa laini na wenye joto. Isitoshe, alichoka ovyo hata kama hajafanya kazi. Sisi tukasema eti ni cherehani inamchosha.

Ugonjwa wake ni baridi yabisi, ambao madaktari huuita rumatoidi athraitisi. Hapa kinga ya mwili, ile inayopaswa kupigana na viini, hugeuka na kushambulia utando wa ndani ya viungo. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na hausubiri uzee. Hupenda vifundo vinavyounganisha vidole na kiganja, vifundo vya katikati na viwiko vya mkono, lakini kwa kawaida huviacha vile vya karibu na kucha. Kukakamaa kwa asubuhi huweza kuchukua saa nzima au zaidi. Pichani, nafasi ya kiungo hupungua sawasawa pande zote. Mifupa iliyo karibu na kiungo hufifia, na kingo zake huonekana zimetafunwa kana kwamba panya amepita. Lakini angalia: mwanzoni picha huweza kuwa safi kabisa! Picha safi si cheti cha afya. Ndiyo sababu daktari hupima na damu.

Wa tatu ni jongo. Huu huja ghafla, mara nyingi usiku, na hupenda kidole gumba cha mguu. Kidole huwa chekundu, cha moto, hata shuka ikikigusa mtu hupiga ukemi. Huletwa na asidi ya yuriki inapozidi mwilini na kuganda kama vichembe vya sindano ndani ya kiungo. Huwapata zaidi wanaume, na pombe na nyama nyingi, hasa maini na figo, huuchochea. Mwanzoni eksirei huonyesha uvimbe wa nyama tu. Baada ya miaka hutokea mashimo kwenye mfupa yenye kingo zilizochomoza, lakini nafasi ya kiungo huweza kubaki nzuri kwa muda mrefu. Hakikisho hasa ni kutoa maji ya kiungo na kuvitafuta vichembe hivyo kwa hadubini.

Tena kuna hatari moja usiyopaswa kuingojea. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikiwa cha moto na mtu ana homa, huenda kimeingiwa na bakteria. Gegedu huweza kuharibika kwa siku chache tu, na picha ya siku ya kwanza huenda isionyeshe lolote. Mkimbize mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo, hasa akiwa mtoto.

Je, kuna haja gani ya kutofautisha? Haja ipo, kwa maana tiba ni mbalimbali. Nyanya ameambiwa afanye mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja na apunguze uzito. Mama anameza dawa ya kutuliza kinga ya mwili mara moja kwa wiki, na hupimwa damu kila baada ya muda. Vile vidonge vya dukani vilituliza maumivu tu, huku mfupa ukiendelea kutafunwa. Tena vikimezwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Siku hizi mama anashona tena, ingawa vile vidole viwili vimebaki vimepinda. Daktari alisema kilichokwisha kutafunwa hakirudi. Basi ndugu msomaji, jioni ukifika nyumbani muulize mzazi anayelalamika viungo maswali matatu: Ni viungo gani? Ni pande zote mbili? Asubuhi hukakamaa kwa muda gani? Majibu hayo mpelekee daktari, wala si mwenye duka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi kwetu ukuta wenyewe haujengeki tena.