Hesabu ya Nukta: Tadbiri ya Kumbukumbu ya Michoro kwa Skrini Nyingi

Tangu mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota cha Marekani walipotandaza kamera 225 zinazojifyatua zenyewe katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya Hifadhi ya Serengeti, hata kufikia mwaka 2013 walikuwa wamekusanya mafungu ya picha milioni 1.2, ambayo watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 waliyatazama kwa njia ya intaneti ili kupambanua nyumbu na pundamilia, simba na fisi. Na katika wilaya jirani ya Tarime, huko Nyamongo, mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2002, uliteremka chini ya ardhi pale Gokona mwaka 2015. Na kupanga mahandaki ya mgodi wa namna hiyo ni kazi itakayo michoro ya miamba ya pande tatu. Kazi hizi mbili, ijapokuwa zimeachana kwa tabia na makusudio, zinashirikiana katika haja moja: mwenye kuzifanya aghalabu hatosheki na skrini moja, kwani hutaka ramani huku, picha kule, na jedwali la hesabu kando yake.

Kwa ofisi zilizo mbali na miji mikubwa, kompyuta pepe ni jambo la kutamanisha. Kompyuta pepe haikai mezani pa mtumiaji. Hukaa ndani ya seva, pamoja na wenzake wengi, na mtumiaji hupelekewa picha tu ya kile kinachotendeka huko, akarudisha amri zake kwa kibodi na kipanya. Seva moja ikilindwa vema dhidi ya vumbi na kukatika kwa umeme, ofisi nzima imelindwa. Lakini picha hiyo, kabla ya kusafiri, haina budi kuchorwa mahali, na mahali penyewe ni kumbukumbu ya michoro iliyomo katika kadi ya seva. Mtandao mwembamba huchelewesha picha iliyokwisha kuchorwa. Haupunguzi hata chembe nafasi iliyohitajiwa kuichora.

Msingi wa hesabu ni mwepesi. Skrini ni mkusanyiko wa nukta za rangi, ziitwazo pikseli, na kila nukta kwa desturi huchukua baiti 4. Skrini yenye nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, yaani kiasi cha megabaiti 8.3. Ile ya nukta 3840 kwa 2160 ina nukta mara nne ya hizo, nayo hutaka megabaiti 33. Mtu akiwekewa skrini mbili za namna hii ya pili, megabaiti 66 zimekwenda. Na kwa kuwa picha inayofuata huandaliwa pembeni wakati ile ya kwanza ingali ikionekana, kiasi hicho hurudufika kuwa kama 133.

Msomaji atauliza: ikiwa ni hivyo tu, mbona gigabaiti nzima huweza kumpungukia mtu mmoja? Sababu ni kwamba skrini ni mlango tu wa hesabu. Mifumo ya kisasa, Windows ikiwa miongoni mwayo tangu toleo la Vista, huliwekea kila dirisha uso wake katika kumbukumbu, hata likifunikwa na lingine. Picha nazo, zilizobanwa zikiwa faili, hukunjuliwa zionyeshwapo: picha ya nukta 2048 kwa 1536 huwa megabaiti 12.6, hivyo mtafiti akizitandaza 40 kwa ukubwa wake kamili amekwisha kutumia nusu ya gigabaiti. Kwa hiyo skrini ya ziada inagharimu zaidi ya nukta zake, maana humkaribisha mwenyewe kufungua madirisha mengine ya kuijaza.

Hapo ndipo inapokuja taksimu. Kadi aina ya T4 ya NVIDIA, iliyotolewa mwaka 2018, ina gigabaiti 16: ikigawiwa gigabaiti moja moja hutosha kompyuta pepe 16, na ikigawiwa mbili mbili hutosha 8. Mafungu haya hukatwa mapema na hayaazimani. Ni kama baba aliyewagawia wanawe shamba kabla ya mvua, ambapo kipande cha asiyelima hubaki pori ilhali nduguye amekosa pa kupanda. Aliyepungukiwa, michoro yake huhamishiwa kumbukumbu kuu iliyo ya mwendo wa pole, na madirisha yakaanza kusita.

Basi tadbiri iliyo njema huanza kwa kuwapambanua watu kwa kazi zao: karani wa skrini moja asihesabiwe pamoja na mchora ramani. Kisha matumizi yapimwe katika saa ya kazi nzito kuliko zote, kwa kuwa wastani wa siku huificha saa ile ambayo kila mtu amefungua kila kitu. Na juu ya kipimo hicho iachwe akiba. Katika miji kama Tarime, au Mugumu ulio jirani na Hifadhi ya Serengeti, kadi ya namna hii haipatikani katika duka la jirani, na kosa la hesabu huweza kuwalaza watu kazi kwa majuma; kwa hiyo anayenunua kwa niaba ya wenzake anawajibika kwanza kuhesabu nukta zao, ndipo ahesabu vichwa vyao.