George Lilanga: Shetani Katika Neno na Katika Picha

Mtazamaji anayekutana kwa mara ya kwanza na michoro ya George Lilanga huwa mwepesi kuiita ya kisurealisti, yaani sanaa inayouvuka uhalisia na kuchota taswira zake ndotoni. Viumbe wenye masikio makubwa, midomo iliyochomoza na matumbo ya mviringo hubanana juu ya ubao mmoja wenye rangi kali. Jina hilo lina haki yake. Hata hivyo, likitumiwa bila tahadhari, huficha chimbuko la viumbe hao.

Lilanga, Mmakonde, alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania, akaanza sanaa kwa kuchonga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, na kwa msaada wa mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alipata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa. Mlinzi huyo hakukawia kuwa msanii wa mahali hapo. Alichora juu ya ngozi za mbuzi na mbao, akafanya kazi za chuma, na mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington.

Mashetani aliowachora walikuwa wamekwisha kuzoeleka katika vinyago vya mpingo. Mtindo huo uliibuka Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwanzo wake huhusishwa na mchongaji Samaki Likankoa. Lilanga aliwatoa mashetani katika weusi wa mpingo, akawavika rangi na kuwaingiza mjini.

Hapa ndipo neno lenyewe linapodai kuchunguzwa. Neno “shetani” lina asili ya Kiarabu, na katika mafundisho ya dini humtaja adui wa Mungu. Lakini Kiswahili kimelipanua. Mtu “hupandwa na shetani”, shetani huyo hutaka ngoma na ubani, na mganga huzungumza naye kama mgeni msumbufu mwenye haja zake. Shetani wa aina hii si uovu mtupu. Ana njaa, ana wivu, na pengine hubembelezeka. Anayemfasiri Lilanga kwa kumfikiria Ibilisi peke yake huona vitisho mahali penye utani.

Tofauti na usurealisti wa Ulaya iko hapo. André Breton, katika ilani yake ya mwaka 1924, aliitafuta sanaa katika ndoto na katika fikra zisizotawaliwa na akili ya mtu binafsi. Mashetani wa Lilanga ni mali ya wengi. Hukutana, hupiga soga, hupiga muziki, huugua. Majina ya kazi nyingi ni sentensi nzima za Kiswahili, mithili ya maneno yaliyodakwa barazani. Kuyafupisha au kuyaacha katika tafsiri ni kuikata picha nusu, kwa kuwa kichekesho mara nyingi kimo katika maneno.

Suala hilo la umiliki lilijitokeza pia katika karakana yake. Kisukari kilipomdhoofisha na hatimaye kumpotezea miguu, kazi ilizidi kutegemea mikono ya wanafunzi na jamaa zake. Wanunuzi wa nje walitaka mkono mmoja chini ya saini moja. Desturi ya uchongaji aliyokulia ilimjua fundi na wanagenzi wake. Mjadala kuhusu kazi zipi ni zake hasa haukukoma alipofariki Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005.

Kwa hiyo, kumwita Lilanga msurealisti si kosa, ila ni nusu ya maelezo. Nusu ya pili imo katika Kiswahili alichokiandika pamoja na picha zake, na atakayeipuuza lugha hiyo atabaki akiyatazama masikio makubwa ya mashetani bila kusikia wanachoambizana.