Ukweli Nao Huhitaji Mchapishaji

Wajapani huliandika neno kabuki kwa herufi tatu zenye maana ya wimbo, ngoma na ustadi. Hata hivyo, wanaisimu hulinasibisha na kitenzi cha kale, kabuku, yaani kwenda kinyume cha desturi. Ustadi na ukaidi: sifa hizo mbili zilikutana kwa mchoraji Toshusai Sharaku.

Mnamo mwaka wa 1794, katika mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, mchapishaji Tsutaya Juzaburo alianza kutoa picha za Sharaku za waigizaji mashuhuri. Biashara hiyo ilikuwa kubwa. Mchoraji alichora, fundi akachonga mbao, mwingine akapiga chapa rangi moja baada ya nyingine, nao mashabiki wakanunua sura za vipenzi vyao. Soko lilitaka uzuri.

Sharaku hakuwapa uzuri huo. Wanawake walikuwa wamepigwa marufuku jukwaani tangu 1629, hivyo wanaume ndio walioigiza nafasi zao. Wachoraji wengi waliwapamba wakawa vidosho. Yeye alionyesha taya nzito na uso uliozeeka chini ya poda. Katika picha ya Otani Oniji wa Tatu akiwa Edobei, mtumishi mwovu, vidole vimetanuka kifuani na mdomo umekazwa. Tunawaona wawili kwa pamoja: mhusika anayetisha, na mwanadamu anayejitahidi kutisha.

Baada ya miezi kumi hivi na picha zaidi ya 140, Sharaku alitoweka. Mwandishi wa zama hizo, Ota Nanpo, alieleza kwamba alizidisha uhalisi, ndiyo maana hakudumu. Sifa zake zilivuma ng'ambo baada ya Mjerumani Julius Kurth kuandika kitabu juu yake mwaka wa 1910.

Wengi husimulia kisa hiki ili kuthibitisha kwamba ukweli hushinda. Mimi sikubaliani nao. Ukweli haujichapishi. Tsutaya alikuwa ameadhibiwa na serikali mwaka wa 1791 kwa sababu ya vitabu alivyotoa, lakini bado alithubutu kumpa mchoraji asiyejulikana karatasi bora na mandhari yenye unga wa ulanga unaometa. Bila yeye, tusingekuwa na cha kusifu leo.

Wahenga walionya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jamii inayogharimia wasifuji pekee isishangae ikinywa maji. Basi tunapouliza wako wapi wasanii wakweli, tuulize pia: ni nani aliye tayari kuwachapisha?