Tangu "Kenya: Twendapi?" Hadi Simu ya Mkononi

Wiki iliyopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, nikinywa kahawa chungu, aliponijia mtoto wa ndugu yangu na simu mkononi. "Ami," akaniambia, "hebu nisomee haya kabla sijayatuma." Alikuwa ameandika juu ya kiongozi mmoja wa hapa petu, habari ya mifereji isiyotoa maji na fedha ambazo watu wanauliza zimekwenda wapi. Maneno yalikuwa makali, wala hayakuwa na fumbo hata chembe.

Nikamwambia, "Futa."

Alinitazama kwa mshangao, na haki alikuwa nayo. Kijana huyu ndiye niliyemsomesha mwenyewe Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, nikimsifia ushujaa wa mshairi huyo mpaka usiku wa manane.

Kwa wasomaji walio vijana, kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1968 chama cha upinzani cha KPU kilikuwa kimebanwa barabara; wagombea wake katika uchaguzi wa mabaraza walirudishiwa karatasi zao kwa wingi, ati hazikujazwa sawasawa. Abdilatif, kijana wa Mombasa wa miaka 22, akaandika karatasi iliyoitwa "Kenya: Twendapi?", nayo ikasambazwa kwa siri. Alikamatwa, na mwaka 1969 akahukumiwa kwa uchochezi. Kifungo chake kilikuwa cha miaka 3. Humo gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa kificho, na kitabu kikachapishwa 1973. Mwaka uliofuata kilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi! Mambo ya Kenya hayo.

Sheria ya uchochezi, tuliyoirithi kwa Mwingereza, ilifutwa 1997. Wengi tulidhani mlango umefungwa. Kumbe palikuwa na kifungu kingine cha kikoloni, cha kudharau mamlaka ya mtumishi wa serikali. Januari 2015 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alihukumiwa miaka 2 kwa aliyoyaandika Facebook: mwaka mmoja kwa matamshi ya chuki, na wa pili kwa kumvunjia rais heshima. La chuki silitetei. Lakini huo mwaka wa pili? Mahakama Kuu yenyewe ilikitupa kifungu hicho Aprili 2017. Mwaka mmoja baadaye ikaja sheria ya makosa ya kompyuta, ambayo ilipotungwa 2018 ilimwekea mwenye kueneza uongo kwa kujua, wenye kuzua hofu au kumharibia mtu jina, faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Hebu linganisha na ile mitatu ya Abdilatif.

Dini yetu inakataza buhtani, nami sina utetezi kwa anayemzulia mwenziwe. Ila watu wa pwani tulikuwa na njia zetu za kusemana. Muyaka bin Haji aliposhindana na washairi wa Lamu katika karne ya 19, utungo ulijibiwa kwa utungo. Panga nazo zilitoka, vita vya Shela si hadithi ya kubuni. Lakini shairi lilitafutiwa shairi. Tena palikuwa na fumbo. Aliyelengwa alijijua, na akilalamika alikuwa amejitaja mwenyewe.

Simu haina stara hiyo. Mtu huandika saa sita za usiku kwa hasira, na neno likabaki na tarehe yake na saa yake. Ukilifuta, mwenzio keshalipiga picha.

"Lakini Ami, niliyoyasema ni kweli," kijana akashikilia.

Nikamwambia kwamba ukweli huthibitishwa mahakamani, na kabla ya mahakama kuna seli. Nikamkumbusha Albert Ojwang, yule mwalimu aliyekamatwa Homa Bay Juni 2025 kwa maandishi ya mtandaoni juu ya mkubwa mmoja wa polisi, akapelekwa Nairobi, na kesho yake akawa maiti. Kwanza tuliambiwa alijigonga ukutani. Madaktari walioupasua mwili wakasema sivyo. Huyo hakimu hakumwona kabisa.

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Je, Abdilatif naye angelikuwa na ami kama wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilimimina kahawa nyingine, ilhali ya kwanza sijaimaliza. Muadhini alipoadhini magharibi tukaondoka pamoja kwenda msikitini, naye simu ameitia mfukoni. Kama aliyatuma au aliyafuta, hakuniambia, nami sikuthubutu kumuuliza.