Bayi wa Karatu na fedha ya Moscow

Ukipanda kutoka bonde la Olbalbal hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha ukateremka kupitia lango la Lodoare, unaingia Karatu, alikozaliwa Filbert Bayi mwaka 1953. Jina hilo likitajwa, mazungumzo huishia Christchurch. Mimi nasema tunamsifu nusu nusu.

Christchurch ni haki yake, sikatai. Februari 2, 1974, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi alichomoka bastola ilipolia na hakukubali mtu amtangulie. Wakimbiaji wa zama zile walizoea kuviziana mpaka raundi ya mwisho. Yeye alifungua pengo mapema, kama abiria anayeliwahi basi la alfajiri. John Walker, kijana wa New Zealand, alimsogelea mwishoni huku uwanja wa kwao ukilipuka kwa kelele, lakini Bayi akamaliza kwa dakika 3:32.16. Rekodi ya dunia. Hata Walker, wa pili, aliipita rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun. Muda ule ulibaki rekodi ya michezo hiyo hadi Birmingham, mwaka 2022.

Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, akaongeza rekodi ya dunia ya maili, 3:51.0. Haikumaliza miezi mitatu mikononi mwake. Walker aliichukua Agosti.

Kuanzia hapo mambo yakaenda kombo. Malaria ilimwandama, ikija na kuondoka, na mwenye kuijua homa hiyo anajua inavyoacha miguu haina nguvu hata baada ya dawa. Mwaka 1976 ilimpata tena karibu na Olimpiki ya Montreal. Na hata angekuwa mzima, asingekimbia: Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Msimamo ulikuwa sahihi. Gharama yake aliilipa mwanariadha, na dhahabu ya mita 1,500 ikaenda kwa nani? Walker, wa New Zealand ile ile.

Wengi wangetundika viatu. Bayi alirudi Edmonton mwaka 1978 akapata fedha nyuma ya Mwingereza David Moorcroft, kisha akahamia mita 3,000 kuruka viunzi na maji: viunzi 28 na mashimo saba ya maji, umbali maradufu ya ule aliouzoea. Moscow, 1980, akakimbia kwa ukaidi ule ule wa Christchurch. Aliongoza kwa kasi ya kutisha hadi raundi ya mwisho, ndipo Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Bayi alishika nafasi ya pili, mbele ya Eshetu Tura wa Ethiopia.

Kwangu fedha hiyo ni nzito kuliko rekodi zote mbili, maana rekodi aliziweka akiwa na afya.

Baadaye aliongoza Kamati ya Olimpiki Tanzania akiwa Katibu Mkuu, na akaanzisha shule zenye jina lake Kimara na Kibaha. Walimu wa michezo wa Olbalbal na Karatu, mnapowaandaa watoto kwa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, wasimulieni na Moscow. Hadi Paris 2024, medali ya Bayi na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5,000, zote za mwaka huo 1980, ndizo pekee Tanzania ilizowahi kupata kwenye Olimpiki.