Timbo Halifufuki kwa Miche Pekee

Wengi wanaokwenda Haller Park pale Bamburi kutazama twiga na viboko hudhani ule ni msitu wa tangu jadi. La hasha, palikuwa timbo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, na mawe ya matumbawe yakachimbwa hadi karibu na maji. Kikabaki kiwanja cheupe cha mwamba, bila udongo wala kivuli.

Mwaka 1971 kampuni ilimkabidhi kazi ya kupafufua René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi. Alijaribu miti ya aina 26, ikasalimika michache tu. Uliofaa zaidi ni mvinje, tunaoujua sote huku Pwani. Mvinje hustahimili chumvi, na vijidudu vya mizizini mwake huupatia naitrojeni kutoka hewani, hivyo huota hata pasipo na rutuba.

Shida ikawa majani yake makavu: yalirundikana bila kuoza. Dawa yake ilikuwa jongoo, hawa hawa tunaowafagia mlangoni. Waliyatafuna, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Udongo ukakaribisha miti mingine, miti ikaleta ndege na wanyama. Umma ulifunguliwa milango mwaka 1984, miaka 13 baadaye.

Naeleza haya kwa sababu uchimbaji wa titani kule Kwale ulikoma Desemba 2024, na Kwale na Kilifi zina matimbo mengi ya mawe ya kujengea yaliyoachwa wazi. Mvua ikinyesha yanajaa maji, na mtoto aliyekwenda kuogelea huenda asirudi kwa mamake.

Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni aikarabati ardhi na aweke dhamana ya fedha kwa kazi hiyo. Basi tukiitwa kutoa maoni yetu, tuulize: dhamana ni kiasi gani? Nani atatunza mahali hapo miaka kumi ijayo? Na wenyeji wataingia, au watachungulia uani?

Kupanda miche siku moja mbele ya kamera si kufufua timbo. Bamburi ilianza na udongo, tena kwa subira. Ardhi ni amana; aliyeichimba airudishe ikiwa na uhai, inshallah wajukuu wetu wapate kivuli.